Fundi Anayegeukia Ukuta

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, Moshono. Mlima Meru umejitokeza wote bila wingu, na Vaileth Akyoo amesimama nje ya geti la bluu, mkono umeshainuliwa kubisha hodi, lakini haubishi.

Mgongoni ana begi jeusi. Nyuma yake, pikipiki iliyomleta imefungwa ngazi ya futi kumi na mbili kwa kamba za mpira, na mwenye pikipiki anamwangalia kwa jicho la "dada, tunashuka au tunarudi?"

"Subiri kidogo kaka," anamwambia, kisha anacheka mwenyewe. "Mtaa huu ulinifukuza. Leo umeniita."

Vaileth, mwenye umri wa miaka 29, ni fundi wa intaneti ya majumbani. Anapanda juu ya bati kufunga kisahani cha kunasia mtandao, anashusha waya hadi sebuleni, anaweka ruta, kile kiboksi chenye taa kinachorusha Waifai nyumba nzima. Kazi hiyo anaijua usingizini. Lakini hilo silo lililomleta leo.

Leo kaya ishirini na sita za mtaa huu zinakutana nyuma ya geti la bluu kuamua jambo moja: je, wamkabidhi Vaileth kazi ya kufunga upya nywila za ruta zao zote, au wamrudishe alikotoka? Na kati ya watakaoamua yumo Mwalimu Fransiska Shirima, mwanamke ambaye Vaileth alimpotezea mwaka mzima wa masomo.

Hatimaye anabisha. Geti linafunguliwa na Mzee Melkizedeki Pallangyo, mwenyekiti wa umoja wa mtaa, koti la suti juu na kandambili chini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti. Ingia, watu wamejaa. Usiogope, hawang'ati. Labda mmoja."

Huyo mmoja ameketi mstari wa mbele, kitenge cha kijani, miwani imeshuka puani. Vaileth anamwamkia. Mwalimu Fransiska anaitikia vizuri tu, sauti ya kawaida, na hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Ili kuelewa kilicho kati yao, inabidi kurudi Novemba mwaka jana. Wakati huo Vaileth alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ndogo ya intaneti mjini. Walikuwa wanafunga nyumba tano, sita kwa siku, mbio mbio. Na walikuwa na mtindo wao wa kuchagulia wateja nywila, mtindo ambao kila fundi aliuona ni wa akili.

"Tulikuwa tunauliza, 'Mama nani hapa?' Akisema Mama Anjela, basi paswedi ni Anjela na mwaka aliozaliwa. Mteja hasahau hata siku moja," anasimulia Vaileth. "Nilikuwa naona nimemsaidia."

Tatizo ni dogo na limekaa wazi, kiasi kwamba ukilisikia unataka kujipiga paji la uso. Huku kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake la ubatizo linawekwa kabatini. Dukani ni Mama Anjela, kanisani ni Mama Anjela, muuza maziwa anaita Mama Anjela mtaa mzima usikie. Nywila inayotangazwa kila asubuhi na muuza maziwa si nywila.

Kwa Mwalimu Fransiska, aliyeisikia ni mpangaji wa nyumba ya jirani. Alijaribu jina, akajaribu miaka miwili mitatu, ikakubali. Hakuwa jambazi, alitaka kutazama mpira tu. Ila alipoona mtandao unasuasua akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao Vaileth alikuwa ameuacha na nywila ileile ya kiwandani, akabadilisha kila kitu ili abaki peke yake.

Saa hiyohiyo Mwalimu Fransiska alikuwa mezani kwake, katikati ya mtihani wa shahada anayoisoma kwa njia ya mtandao. Skrini ikaganda. Akajaribu kuunganisha tena, akaambiwa nywila si sahihi. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, mwenye nyumba akafungiwa nje.

"Maswali kumi na mawili yalikuwa yamebaki," anasema Mwalimu. "Kumi na mawili. Nikaambiwa nisubiri mwaka."

Mpangaji alikuja kuomba radhi akiwa na wazazi wake. Vaileth unga wake ukamwagika siku ya tatu, akafukuzwa kazi, na jina likamfuata: fundi anayeacha milango wazi. Akarudi kwa mama yake, kijijini Maji ya Chai, akauza ndizi na parachichi kando ya barabara miezi mitano, siku nzuri ikimpa shilingi elfu nane.

Huko ndiko akili ilipomkaa sawa, na aliyeiweka sawa hajawahi kugusa kompyuta. Jioni moja mama yake, Marta, alimtuma achukue mbolea stoo. Ufunguo ulikuwa pale unapokaa siku zote, chini ya jiwe pembeni ya mlango.

"Nikamwambia, 'Mama, siku moja utaibiwa, kila mtu hapa mlimani anaficha ufunguo chini ya jiwe.' Akanitazama. Akasema, 'Mwanangu, na wewe si ndivyo ulivyowafanyia watu?' Niliona aibu, nikakaa chini hapo hapo juu ya gunia."

Kesho yake Marta alikata jani la sale uani, akaenda na binti yake hadi Moshono. Mwalimu Fransiska ni Mchaga wa Rombo, na anajua kwamba mtu akija na sale mkononi kuomba msamaha, hakataliwi. Alilipokea jani. Akawapa chai. Kisha akasema maneno ambayo Vaileth anayakumbuka neno kwa neno.

"Nimekusamehe. Ila ruta iko kabatini, na siiwashi."

Miezi ile mitano ilipoisha Vaileth alipanga chumba Lemara, akarudia ufundi kwa kujitegemea, hadi Mzee Melkizedeki alipomwita mbele ya kikao hiki. Ndipo tunarudi uani kwa Mzee, ambako kikombe cha kwanza cha chai kimeshanyweka na minong'ono imeanza. Vaileth anasimama. Hana hotuba.

"Wazazi wangu, siwezi kuwaambia niaminini. Naomba nyumba mbili zinipe ruhusa nijaribu kuingia kwenye Waifai yao, hapa hapa, mbele yenu. Bila ruhusa ya mwenyewe ni wizi, na mimi si mwizi. Sina mashine yoyote. Nina simu na masikio."

Uani panachangamka mara moja. Watu wanasogeza viti. Mama mmoja mwenye kicheko kipana ananyoosha mkono juu. "Anza na kwangu, hapo ng'ambo ya ukuta! Yangu huipati!"

"Asante mama. Nikuite mama nani?"

"Mama Nice," anajibu, na kabla hajafunga mdomo uso wake unabadilika. "Jamani..."

Nice mwenyewe yuko kando anamimina chai. Vaileth anamuuliza ana miaka mingapi, anapiga hesabu, anaandika. Jaribio la kwanza linagoma. La pili linakubali. Anainua simu juu, na kelele inayopigwa hapo ingefaa uwanja wa mpira.

"Yesu na Maria!" anashangaa Mama Nice. "Na binti yangu ndiye anakumiminia chai!"

Mzee Melkizedeki anakohoa kwa heshima ya cheo chake. Yeye, anasema, si mtu wa kuweka majina ya watoto. Ameweka tarakimu kumi, hakuna anayezijua. Ajaribu na kwake.

Vaileth anamwomba dakika moja, anatembea hadi getini, anatoka nje, anarudi. Anaandika. Simu inakubali papo hapo.

Kwenye geti la bluu, kwa rangi nyeupe na mkono wa Mzee mwenyewe, pameandikwa: CHUMBA KINAPANGISHWA. Na chini yake, namba yake ya simu.

Mzee anavua kofia, anajipepea, anashindwa, anacheka mpaka machozi. "Nimepaka rangi mara mbili ili isomeke vizuri," anakiri.

Sasa maswali yanamiminika, na Vaileth, aliyekuwa anasita kubisha getini, anajibu kama mtu aliyesubiri mwaka mzima kuulizwa. Hakuna jina la mtoto, hakuna namba ya simu, hakuna mwaka. Chukua maneno manne au matano yasiyojuana kabisa, uyaunge. Urefu ndio unaomchosha mwizi.

"Mstari wa Biblia je?" anauliza mzee mmoja.

"Mtaa mzima mnasoma Biblia hiyohiyo, baba. Wataupata."

"Toa mfano."

"Kiatu, mvua, karoti, shangazi."

"Basi mimi nachukua hiyo," anasema Mzee Melkizedeki.

"Hapana Mzee! Hiyo sasa tunaijua kaya zote ishirini na sita!"

Anawaeleza pia kwamba ruta ina nywila mbili. Ya kwanza ni ya Waifai, hiyo ni geti. Ya pili ni ya mipangilio, hiyo ni chumba cha kulala, na wengi wameiacha ilivyotoka kiwandani. Na kwa kuwa hapa mgeni akifika huomba maji kisha Waifai, na kumnyima ni ugomvi, atawafungulia mtandao wa pembeni wa wageni wenye nywila yake. Mgeni anakaa sebuleni, chumbani haingii.

Mwalimu Fransiska ameinuka.

"Mimi nina swali moja," anasema. "Ukishatufungia, wewe si utakuwa unazijua zote ishirini na sita? Tutakuwa tumefunga milango halafu funguo zote zimekaa kwenye begi lako."

Ni swali gumu, na ni swali la haki. Vaileth analo jibu.

"Mwalimu, sitajua hata moja. Nikifika mahali pa kuandika nywila, mwenye nyumba anaandika mwenyewe. Mimi nageukia ukuta. Sigeuki mpaka niambiwe."

Mwalimu anapandisha miwani yake. Kisha anachukua mkoba wake.

"Jumanne saa tatu nina mtihani ule ule. Nilishapanga kwenda kukaa kwenye duka la intaneti mjini, na kelele zao zote. Twende kwangu. Nataka kuona huo ukuta."

Hakuna anayebaki. Wanaandamana, vikombe mkononi, hadi nyumba ya sita. Wengine wanaishia barazani. Ndani wanaingia Mwalimu, Vaileth, Mzee Melkizedeki kama shahidi, na mwandishi wa simulizi hii kwa hisani.

Ruta inatolewa kabatini, imefungwa ndani ya kanga. Vaileth anaifuta vumbi kwa kiganja, anaichomeka. Mwalimu analipia kifurushi kwa simu. Taa zinaanza kuwaka, moja, mbili, ya tatu inasita, na Vaileth ameuma mdomo. Ya tatu inawaka.

Anachoma kitundu cha nyuma kwa pini mpaka ruta inasahau yote ya mwaka jana. Anasasisha programu yake. Anazima njia ya mkato inayomruhusu mtu kuunganisha kwa kubonyeza kitufe bila nywila. Vidole vinakimbia sasa, na uso umewaka kuliko taa zenyewe. Kisha anamsogezea Mwalimu kompyuta.

"Kwanza ya chumbani. Kisha ya geti. Zisifanane."

Anasimama, anageukia ukuta, pua karibu iguse rangi.

Nyuma yake vitufe vinagonga, polepole, kidole kimoja kimoja. Inachukua dakika nne nzima. Na hapo ukutani, mbele ya macho yake, kuna picha ya Bikira Maria yenye fremu ya mbao. Nyuma ya fremu limechomekwa jani la sale, limekauka, limekuwa rangi ya majani ya chai. Ni lile alilolileta mama yake. Vaileth analitazama mpaka macho yanamjaa, na hawezi kuyafuta bila kugeuka, basi anayaacha.

"Geuka," anasema Mwalimu.

Mtandao umekubali. Kule barazani mtu anauliza vipi, Mzee Melkizedeki anapaza sauti "Tayari!" na shangwe inaingia dirishani.

"Mwalimu, tafadhali usiniambie ni nini," anasema Vaileth, akijifuta kwa kiwiko.

"Sikuambii, hata ukiniletea shamba zima la sale."

Wanacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Kazi anapewa, nyumba zote, shilingi elfu kumi na tano kila moja. Mama Nice anataka awe wa kwanza, leo leo, kabla muuza maziwa hajapita. Vaileth anasema pesa hiyo itamfungulia chumba kimoja Maji ya Chai, jirani na meza ya ndizi ya mama yake, awafundishe ufundi mabinti wawili wa huko. Somo la kwanza keshalipanga: watasimama mbele ya ukuta.

Lakini hilo ni la Desemba. La karibu ni Jumanne. Ameshamwambia mwenye pikipiki amchukue Lemara anakopanga saa moja na nusu asubuhi, na anamuaga Mwalimu akiwa tayari getini.

"Saa tatu nitakuwa hapa nje, nimekaa juu ya ngazi yangu. Lolote likitokea, niite."

"Na lisipotokea?"

"Basi nitakaa tu, Mwalimu, mpaka umalize yale kumi na mawili."