Kimya cha Kengele

Mimi na wifi yangu hatukupatana tangu siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwao. Aliniangalia kuanzia kisigino hadi utosini, akamwambia kaka yake, "Huyu anaongea sana." Kweli naongea sana, sikatai. Lakini siku walipotaka kumnyamazisha yeye, ni mdomo huu huu uliomfaa, kwa hiyo asije akanuna nikisimulia.

Watu humwita Kengele. Jina hilo alipewa na mashabiki enzi zile bendi ya mume wangu ilipokuwa bendi, ikipiga soul iliyochanganywa na pop, muziki wa kulia na kucheza kwa wakati mmoja. Mume wangu alishika gitaa, Haraka dramu, Shavu tarumbeta, na dada mtu alisimama mbele na gauni alilolishona mwenyewe. Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Usinizimie Taa". Karibu na mwisho bendi nzima iliinua mikono kutoka kwenye vyombo, ukumbi wote ukawa kimya. Hapo Kengele alitoa kilio kimoja chembamba, cha juu kabisa, na kilipoanza kushuka tu, Haraka aligonga dramu na watu wakapagawa. Hakuna aliyewahi kuhesabu kile kimya kinachukua muda gani. Walimsubiri yeye.

Kisha rovu likamwota shingoni. Daktari alimweleza wazi: tukilitoa, sauti yako huenda isirudi ilivyokuwa, tukiliacha, litakuziba pumzi. Alitaka kupumua, nani hataki? Alipotoka hospitali sauti ilikuwa imeshuka chini, nzito, ina mikwaruzo. Akipiga simu dukani, anaitikiwa "Naam, mzee." Bendi ikafa bila matanga. Shavu akaenda kufundisha watu kuendesha magari, Haraka akafungua karakana ya kuchomelea mageti, gitaa la mume wangu likapanda juu ya kabati. Wifi akakaa kwenye cherehani, katika chumba chake kinachotazama barabara, akashona sare za shule na kubadilisha zipu za watu.

Kwa kuwa hakusikika tena, dunia ikamzika. Redio fulani iliwahi kupiga wimbo wake na mtangazaji akamwombea roho yake ipumzike pema. Nilikuwepo. Wifi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Amina," akasema, akaendelea kushona.

Miaka ikapita hivyo, hadi alipotokea prodyuza mmoja, kijana wa watu mwenye adabu, aliyekua akisikiliza kanda za baba yake. Aliwatafuta mmoja mmoja. Alipofika kwa wifi na kumwona amekaa pale na tepu shingoni, akarudi nyuma hadi akajigonga mlangoni.

"Mama, mimi nilisikia ume..."

"Nimefanyaje?"

"Umehama," akasema. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Alitaka watoe albamu. Nyimbo mpya zote, na ya mwisho iwe "Usinizimie Taa", irekodiwe upya. Wazee wakajifanya wanafikiria. Kufikiria gani? Jioni ile ile mume wangu alikuwa juu ya kiti anapapasa kabati. Wakaanza mazoezi kwenye chumba cha wifi, marobota ya vitambaa yamesukumwa ukutani, Haraka akipiga mapaja yake kwa kuwa dramu haikuenea. Nyimbo mpya wifi aliziimba kwa sauti yake ya sasa, ya chini, na mimi niliyekuja kucheka nilijikuta nimekaa juu ya kitambaa cha mteja, sina hamu ya kuondoka. Lakini kila walipofika "Usinizimie Taa", waliukatia njiani kabla ya kile kimya. "Mwisho tutauona hukohuko studio," mume wangu alisema, macho yapo kwenye nyuzi za gitaa. Hakuna aliyemtazama Kengele.

Sasa sikieni. Siku moja prodyuza alikuja sebuleni kwangu. Mimi naingia na sinia ya chai, namsikia anasema, "Kile kilio nitakitoa kwenye kanda ya zamani. Nitakisafisha kwa kompyuta, nitakibandika mahali pake. Hakuna atakayejua."

Na mume wangu, aliyezaliwa tumbo moja na yule mwanamke, anajibu nini? "Afadhali. Ila dada asiambiwe mpaka albamu iwe imetoka."

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikageuka na sinia yangu. Chai ile hawakuinywa. Nikavaa kandambili zangu nikaenda moja kwa moja kwa wifi, nikammwagia yote, sikubakiza hata tone.

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. "Kaka yangu amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Yule wa redio alinizika kwa kutojua," akasema. "Hawa wananijua. Wanakula kwangu." Akakisukuma kimto pembeni. "Inaniuma, wifi."

Tangu nimjue hakuwahi kuniita wifi bila kunibetulia mdomo. Nikamwambia basi usiende, waache na kanda yao.

"Thubutu! Nisiende ndiyo wapate nafasi ya kunibandika vizuri? Nitakwenda. Na wewe unakuja."

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la matairi, kuta zimevalishwa mazulia, kioo kimoja kikubwa na prodyuza nyuma yake. Alitaka kila mtu apige peke yake, vipande vipande, aviunge baadaye. Wakashindwa. Watu hawa wamezoea kupiga wakitazamana. Ukimtenga Haraka anakimbia kama jina lake, ukimtenga Shavu anapotea. Ikabidi wakae wote chumba kimoja, maiki zimesimama katikati yao. Wakirekebisha nyaya, wifi anapinda suruali ya mtu. Mimi nilikaa kona, nimeamriwa nisikohoe.

Nyimbo mpya zikaenda vizuri. Ikafika ile ya mwisho, na prodyuza akasema kwenye spika, "Mama, hapa ukifika kwenye kimya, wewe pumzika tu. Tutapamalizia baadaye."

Wifi akaweka suruali chini. "Mtapamalizia na nani?"

Shavu akaanza kufuta tarumbeta iliyokuwa safi.

"Nimeuliza. Na yule binti wa kwenye kanda? Yule alishafanya kazi yake, akaifanya vizuri, mwacheni apumzike. Nimekuja mimi."

Mume wangu akanigeukia mimi. Nikamkodolea macho. Akamrudia dada yake. "Dada, watu wanakisubiri kile kilio. Bila kile, wimbo hauna mwisho."

"Nina mwisho mwingine."

"Huna," akasema. "Tusidanganyane. Sauti huna."

Nilitaka kuinuka nimpige na ndala. Wifi hakunipa nafasi. Alifungua kitambaa alichojifunga shingoni, kile asichokivua hata kwenye joto, kovu likaonekana, refu, limekaa pale kama pindo. Akamsogelea kaka yake.

"Tazama. Hapa ndipo ilipopitia. Mnaona aibu na hii? Mimi sioni. Pigeni wimbo mara moja, na kwenye kimya mniachie mimi. Nikiharibu, bandikeni mnachotaka, na nitawaambia watu mwenyewe kuwa nimekubali. Nikiweza, yule wa kanda asiguswe. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama," prodyuza akajibu kwenye spika, kwa sauti ndogo.

Wakapiga. Ukiwaona wale wazee, ungesema wanaagana. Wifi aliimba beti zote kwa chini, taratibu, macho kwa kaka yake, na yeye macho kwenye gitaa. Wakafika. Mikono ikainuka kutoka kwenye vyombo, ile ile ya enzi zile, hakuna aliyewaambia. Kimya kikaingia. Mimi nimebana pumzi, mikono yote miwili imeshika kiti.

Kengele hakulia. Akaacha kimya kikae, kikakaa zaidi ya kilivyowahi kukaa, halafu kutoka huko chini alikoshukia akasema kwa wimbo, "Usinizimie taa, bado niko ndani." Maneno hayo ya pili hayakuwemo. Aliyatoa wapi sijui. Akayarudia, na katikati sauti ikapasuka, ikakwaruza kabisa, nikasema moyoni basi, imekwisha. Hakusimama. Akapita palepale ilipopasukia, akaendelea.

Na hapo likatokea jambo. Haraka maisha yake yote alisubiri sauti nyembamba ishuke ndipo agonge. Leo haipo. Ameinua vijiti juu, jasho linamtiririka, hajui aingie wapi. Shavu naye mdomo u kwenye tarumbeta, anamwangalia Haraka. Watu wazima wamepotea kwenye wimbo wao wenyewe! Hakuna aliyeingia. Wifi akabaki peke yake, hana pa kuegemea, akaurudia ubeti mzima hivyo hivyo, akipiga mguu sakafuni kama anaendesha cherehani.

Aliyeingia wa kwanza ni yule aliyesema huna. Gitaa likaja polepole chini ya sauti yake, kwa woga, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu aliowatukana. Wifi akamtazama, akamwashiria kwa kichwa: njoo. Ndipo Haraka akashusha vijiti, bila kishindo, na Shavu akafuata. Mume wangu alikuwa analia, na yeye akilia hulia kwa pua, haipendezi hata kidogo, lakini siku ile nilimsamehe nusu.

Walipomaliza, prodyuza akasogelea spika. "Mama... ni nzuri. Ila kuna mahali sauti imepasuka. Turudie?"

"Rudia wewe," Haraka akamjibu.

Ikatoka hivyo hivyo, na mpasuko wake. Wapo waliosema Kengele amechuja, wapo waliouliza yule baba anayeimba mwishoni ni nani. Wifi akisikia hayo anasema, "Wenye masikio watazoea," anakata uzi kwa meno, na siku hizi hajifungi tena kile kitambaa cha shingoni.

Juzi nilikuwa kwake, nimekuja kumchokoza tu. Kulikuwa na mteja, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kujua mambo, amesimama katikati ya chumba ameinua mikono anapimwa gauni. Redio ikaanza "Usinizimie Taa", ile mpya.

"Wimbo huu!" akasema yule mama. "Ila wa zamani ndiye aliyekuwa mwimbaji. Kengele. Maskini, alikufa na rovu. Mimi nawajua hata waliokwenda kumzika."

Mdomo wangu ukafunguka. Wifi akaninyooshea kidole, nikaufunga, na Mungu ndiye anayejua ilivyonigharimu. Redioni bendi ikainua mikono. Kimya kikaja. Wifi akatoa pini mdomoni, na sauti ilipoanza kule, akaanza naye hapa, nyuma ya mgongo wa yule mama: ile ile, ya chini, na ilipopasuka kule ikapasuka na hapa. Yule mama akageuza shingo polepole. Akamtazama usoni, akalitazama kovu. Mikono ipo juu bado.

"Basi walizika mtu mwingine," wifi akamwambia. "Shusha mikono, nimeshakupima."