Maziwa ya Junju Hayana Kosa

Leo nimembishia mwenyekiti mbele ya wanachama wote, na kazi bado ninayo!

Chama chetu cha wafugaji hapa Kilifi kilikutana asubuhi kuamua kama kituo cha Junju kifungwe.
Sababu? Maziwa yao yanatufikia yamechacha.

"Watu wa Junju hawaoshi vyombo," mwenyekiti akasema. "Tupige kura."

Mimi ndiye karani. Kila mtungi wa maziwa nauingiza kwenye kompyuta: umepimwa saa ngapi, umepitia wapi, umefika katika hali gani.

Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kwa heshima yako, naomba tutazame hapa kwanza."

Nikawaonyesha. Maziwa ya Junju hupimwa kituoni yakiwa mazima. Huharibika siku zile tu ambazo gari la chama huyapakia, likateremka nayo Mtwapa kupeleka maziwa ya hoteli, ndipo likarudi kwenye jokofu letu.

Mwenyekiti akamgeukia dereva. "Kazungu, nani alikutuma uzunguke na maziwa ya watu juani?"

Kazungu akakuna kichwa. "Ni wewe, mzee."



Mwenyekiti akavua kofia. "Basi nimekosa mimi. Gari lije hapa kwanza. Kituo hakifungwi."

Akina mama wa Junju wakapiga vigelegele. Mmoja wao ni mamangu mzazi, ambaye kwa miezi ameambiwa si msafi.

Alinishika mkono mpaka nje.

Nyinyi mngethubutu?