Pamba Tuliyoirudisha Fizi

Mwenye duka wa mjini Baraka alikuwa mwizi, sikatai. Lakini alikuwa mwizi mwenye mlango. Miaka ile ya hamsini alituuzia majembe yaliyojikunja siku ya kwanza ya kulima. Bamama wakayabeba, wakaketi mlangoni pake, mteja hapiti, mpaka akatoa mengine huku akitukana. Aliogopa tutahamia duka la jirani, basi. Wema hakuwa nao hata wa kuonja.

Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, haikuwa na jirani. Monitere wake, msimamizi wa kilimo, alikuja na viatu vyake vya kung'aa, akamwamuru baba ang'oe mihogo, apande pamba bondeni.

“Bwana, hapa maji inalalaka,” baba akamwambia. “Pamba itaoza.”

“We unajua kupita Leta?”

Mvua ikanyesha, pamba ikaoza. Na nani akafungwa? Baba! Eti mvivu. Wakampeleka gereza la Fizi.

Mama, masikini, akadhani Leta nayo ni duka. Aling'oa ile miche iliyooza, akaifunga mzigo, akawaita wenzake, tukapanda milima mpaka Fizi. Jirani mmoja alituonya, “Mwenye nguvu mpishe,” lakini mama hakutaka kusikia. Wakaketi mlangoni pa biro, ofisi ya Leta, mzigo mbele yao.

“Tumerudisha pamba yenu,” mama akasema. “Munirudishie bwana yangu.”

Kalani, mwandishi wa pale ofisini, akaziba pua, akasema pamba ni mambo ya monitere. Monitere akasema amri ilitoka kwa mkubwa wake. Mkubwa wake akasema waulize chifu. Chifu akasema hayo ni ya Wazungu. Kofia nyingi namna ile, na chini yake hakuna mtu hata mmoja! Mwishowe polisi akawapa bamama mifagio, wafagie uwanja mzima kwa kosa la kuuchafua.

Baba alitoka kifungo kilipokwisha, si kabla. Haukupita muda, monitere akarudi na mbegu, akanyooshea kidole bonde lile lile. Tukamtazama baba, mtu ambaye hata chifu alichunga ulimi mbele yake. Nilingoja amwambie tena habari ya maji.

Baba akavua kofia, akanyoosha mikono miwili kupokea.

“Ndiyo, bwana.”

Mama akaingia ndani, akafunga mlango. Mwenye duka nilishamsamehe zamani. Leta, kwa ile “ndiyo, bwana” ya baba yangu, sitaisamehe mpaka wanizike.