Ndege Zilizochelewa Chepilat

Enzi zetu mtoto alijua kungoja. Nikisema hivyo mama hucheka mpaka anaweka kikapu chini. "Enzi zenu zipi? Na hizo ndevu bado unaziomba kwa Mungu!" Ni kweli, niko kidato cha nne tu, na siku ninazozililia si za zamani hivyo. Lakini ninyi mliokuwa nami darasa la sita mtanielewa. Siku hizi mtoto wa hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, akitaka ndege, baba yake anapitia Kericho mjini mwisho wa mwezi na kumletea ya plastiki, nyekundu, yenye filimbi tumboni. Jioni hiyo hiyo bawa limevunjika, na mtoto hata halii, anauliza nyingine italetwa lini. Sisi tulizingoja ndege zetu tangu wakati wa kupanda mahindi hadi wakati wa kupanda mahindi ukarudi.

Asubuhi za wakati ule nazikumbuka kwa baridi kwanza. King'ora cha kiwanda kililia kukiwa bado giza, mama akajifunga gunia lake kiunoni, akajitwika kikapu, akapotea kwenye ukungu pamoja na wachumaji wengine. Ungesikia sauti zao tu zikipanda mlima, mmoja akicheka, mwingine akikohoa. Baba alikuwa ndani ya kiwanda, kwenye moto wa kukaushia, na harufu ya chai ilikaa kwenye blanketi zetu, kwenye uji wetu, hata kwenye kitambaa cha Jumapili cha mama. Sisi ni Wagusii, ambao wengi hutuita Wakisii, tulikuja upande huu wa Sotik kwa sababu ya kazi. Ng'ambo ya kijito walikaa Wakipsigis wenye mashamba yao na ng'ombe wa maziwa, na huko ndiko alikotoka Kiprono.

Kiprono alituletea maziwa kwa mkebe kabla ya shule. Tulikuwa darasa moja ingawa yeye alinizidi kwa miaka kadhaa, maana alichunga kwanza ndipo akapelekwa kusoma. Mimi ni mtu wa haya, na nilikuwa hivyo tangu mdogo. Mwalimu akiniuliza swali, niliangalia vidole vyangu vya miguu kama jibu limeandikwa huko. Kiprono ndiye aliyekuwa mdomo wangu.

"Mwalimu, Momanyi anasema ni arobaini na mbili."

"Amesema saa ngapi?"

"Ameniambia kwa macho."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko, hata mwalimu mwenyewe akageukia ubao ili tusimwone. Na jibu lilikuwa arobaini na mbili kweli.

Alasiri, tukichunga ng'ombe wao, ile ndege kubwa ya abiria ilipita juu kwenda upande wa Uganda. Ninaikumbuka ilivyong'aa, injini zake zote nne ziko nyuma kwenye mkia. Tulipanda juu ya jiwe na kupunga mashati. Kiprono aliapa kwamba siku moja rubani aliinamisha bawa kutujibu. Nilimwamini, na bado namwamini kidogo.

Sasa, Chepilat sokoni, mpakani mwa Wagusii na Wakipsigis, kulikuwa na fundi mmoja akiitwa Ombati, mtu wa kwetu. Zamani alikuwa akipigilia masanduku ya chai kiwandani, yale ya mbao nyembamba yenye karatasi ya fedha ndani. Alipotoka huko akafungua kibanda chake cha viti, milango na majeneza. Vipande vya masanduku yaliyokataliwa alivikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, akatengeneza ndege, ile ile ya injini nne. Lakini hakuiunga. Alikuuzia vipande ndani ya mfuko wa kitambaa wa unga, uliofungwa kwa kamba: tumbo, mbawa, mkia, vidude vinne vya injini, karatasi ya fedha ya kuvisha mwili, na magurudumu yaliyokatwa kutoka kwa tairi kuukuu. "Nikikuungia mimi, itakuwa ndege yangu," alisema. "Ukiiunga wewe, ni yako." Kwenye rafu alikuwa na moja iliyokamilika, ya kuonyesha watu. Kiprono aliinyanyua kwa mikono miwili, akainusa.

"Inanuka kama mama yako," akaniambia. Na ilikuwa kweli, ilinuka chai.

Tukaagiza mbili. Kiprono alitoa jogoo, nami likizo nzima nilimchotea fundi maji na kupiga msasa viti vyake. "Rudini wiki ijayo, vijana," akasema fundi Ombati.

Wiki ijayo! Tuliyajua hayo maneno kuliko sala ya Baba Yetu. Mwaka ule baridi ilikuwa kali, na kifua kiliwachukua wazee wengi na watoto wachanga pande zote mbili za mpaka. Kila tulipofika, kabla hata ya kuona kibanda, tulisikia nyundo, na Kiprono alijua. Nyundo ya kiti ilicheza. Nyundo ya jeneza ilikwenda polepole, kama mtu anayepanda mlima. Basi tungesimama mlangoni kofia mkononi, na fundi angetuangalia juu ya miwani. "Mtoto anaweza kungoja," angesema. "Maiti nitamwambia nini?"

Siku moja tulimkuta amekaa tu, hafanyi kitu. Mbele yake palikuwa na vumbi la mbao. "Mbawa zenu zilikuwa tayari," akasema bila kutuangalia. "Jana jioni akaja mama mmoja kutoka huko chini. Mbao nilikuwa nimeishiwa." Akaonyesha urefu kwa mikono, urefu mfupi sana. "Lilikuwa dogo. Zilitosha."

Hatukulalamika. Tulirudi nyumbani, na tulipovuka kijito Kiprono akasema, "Huyo mtoto amesafiri na mbawa zetu." Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Kwa sababu ya kungoja, tulijenga uwanja. Nyuma ya ghala la mahindi la kina Kiprono palikuwa na kipande cha ardhi kilichokaa bure. Tulikilima kwa jembe, tukang'oa nyasi, tukabeba murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kutoka barabarani kwa karai, tukakanyaga mpaka pakawa pagumu kama sakafu ya kanisa. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa debe la mafuta lililotobolewa madirisha. Ng'ombe waliingia wakaharibu, tukatengeneza tena. Nyanya yake, tuliyemwita Kogo, alikuwa akija kusimama hapo na mkongojo wake. "Na hizo ndege ziko wapi?" Tukajibu pamoja, "Wiki ijayo, Kogo!" Alicheka, akatupatia mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye mkaa, tukanywa hapo hapo uwanjani, midomo ikawa na rangi ya moshi.

Tulipokaribia kufunga shule mwishoni mwa mwaka, Kiprono akabadilika. Alitaka twende Chepilat kila siku. Nilichoka.

"Kwani haraka ya nini?" nikamuuliza. "Zitakuja tu."

"Lazima zije kabla sijaingia jandoni."

"Si utatoka?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Nyinyi Wakisii mnatahiriwa mkiwa bado mnanyonya," akasema. "Hamwezi kujua."

Nilicheka, kwa sababu hilo ndilo tusi letu la kila siku, nami nilikuwa na langu la kumrudishia: kwamba wao wanangoja mpaka wawe na wajukuu. Kwetu nilitahiriwa nikiwa darasa la pili. Nilikaa ndani mwezi mzima nikinenepeshwa kwa uji wa wimbi, na siku niliyotoka, kabla jua halijatua, nilikuwa nacheza mpira wa matambara. Waliniita mwanaume, lakini mama alinichapa vile vile nilipovunja chungu. Nilidhani tohara ni hiyo kila mahali. Mtu anaingia, anapona, anatoka, mchezo unaendelea.

Siku ya mwisho tulikwenda wote wawili. Nyundo ilikuwa ikienda polepole. Kiprono hakusubiri kuambiwa lolote, akageuka pale pale njiani.

Wakaingia, yeye na wenzake, kwenye kibanda chao mbali na watu, na sisi wengine hatukuruhusiwa hata kuelekea upande huo. Maziwa yakawa yanaletwa na dada yake, ambaye hakuwa na maneno. Shule ilifunguliwa, wao bado hawajatoka. Mwalimu aliniuliza swali, nikaangalia chini, na hakukuwa na mtu wa kusema nimejibu kwa macho.

Kila jioni nilivuka kijito kwenda kung'oa magugu uwanjani. Niliufagia kwa matawi. Kogo alinitazama siku nyingi, mpaka siku moja akaketi juu ya lile debe la mnara.

"Unamsafishia nani, kijana wangu?"

"Kiprono, Kogo. Akitoka akute ni pazuri."

Akatikisa kichwa polepole. "Yule Kiprono wako hatatoka huko. Atatoka mwanaume."

Nami nikamjibu kwa adabu, "Hata mimi ni mwanaume, Kogo." Hakucheka. Alinishika kichwa tu, mkono wake mkavu kama gome.

Mvua za kupanda zilianza ndipo fundi Ombati akatuma neno kwa mtu wa kiwandani: ndege ziko tayari. Nilikimbia mpaka Chepilat. Mifuko miwili, kweli, imefungwa kwa kamba. Fundi alikuwa amefurahi kuliko mimi. "Mwenzako yuko wapi, yule msemaji?" akauliza. Nikamwambia ametoka jandoni wiki hii, sasa hivi nampelekea. Fundi alikuwa mtu wa mpakani, alijua mila za pande zote mbili. Furaha ikamtoka usoni. "Basi mpelekee," akasema taratibu. "Mpelekee tu."

Nilifika kwao nikiwa nimelowa. Nyuma ya ghala nikasikia sauti ya mtu akiongoza ng'ombe. Vijana wawili walikuwa wamesimama ukingoni, na Kiprono alikuwa ameshika plau, ng'ombe wakivuta mbele yake. Murram yetu ilikuwa imepinduliwa, nyekundu na nyeusi imechanganyika. Debe la mnara lilikuwa limewekwa kando vizuri, lina mbegu za mahindi.

"Kiprono!" nikaita. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nilipaza sauti mbele ya watu.

Mmoja wa wale vijana akageuka. "Hapa hakuna Kiprono. Jina la utoto limeachwa jandoni; huyu ni arap Sang, mwana wa Sang. Na wewe mtoto, watu wakifanya kazi hawapigiwi kelele."

Yeye alisimamisha ng'ombe. Alikuwa amekuwa mrefu, au pengine ni vile alivyosimama. Akaja akanipa mkono, kama wanavyopeana wazee kanisani, akaniuliza hali ya baba na mama, kama chai ni nzuri. Nikamjibu chai ni nzuri.

"Kipande hiki baba amenipa," akasema. "Ni changu. Cha kwanza." Nikaona kwamba anafurahi, na kwamba angependa nifurahi naye, na sikuweza.

Nikamnyooshea mfuko wake. Wale wenzake wakaangaliana. Mmoja akacheka puani, "Arap Sang anaenda Ulaya!" Yeye aliupokea mfuko, akaufungua kamba, lakini hakuangalia ndani. Aliingiza mkono tu, macho yake yakiwa kwa ng'ombe, na nikaona vidole vyake vikitembea ndani ya kitambaa. Tumbo. Bawa, na bawa jingine. Mkia. Injini, moja moja. Ilichukua muda.

"Magurudumu hayamo," akasema kwa sauti ya chini.

Kisha akaifunga ile kamba, akaikaza kwa fundo lao la kufungia ndama, akanirudishia. "Wapelekee watoto," akasema kwa nguvu, ili wote wasikie. Akarudi kwenye plau. Alipofika mwisho wa mtaro na kugeuza ng'ombe, hakuangalia nilipokuwa.

Magurudumu hayakuwemo kweli, hata kwenye mfuko wangu. Fundi Ombati alikuwa amesahau, akaniambia wiki ijayo, na wiki hiyo sikwenda.

Ndege yangu niliiunga peke yangu. Mbawa zimepinda kidogo kwa sababu hakukuwa na mtu wa kushika upande wa pili gundi ikikauka. Kwa vile ndege isiyo na magurudumu haiwezi kutua popote, niliitundika juu ya meko kwa uzi wa katani, na hapo iko mpaka leo, nyeusi kwa moshi. Ukiinusa hainuki chai tena.

Siku hizi nikirudi likizo tunakutana njiani, mimi na arap Sang. Mahindi yake yanastawi, pale nyuma ya ghala kuliko mahali pengine pote, na sasa ana ng'ombe wake mwenyewe wa maziwa. Ananisalimu vizuri sana. Ndege kubwa ikipita, kila mmoja wetu husikia, naye ananiuliza habari za masomo. Watoto wa leo wangesema kuna shida gani, si umtafute rafiki mwingine, kama wanavyouliza plastiki nyingine.

Mdogo wangu ameuona ule mfuko wa pili juu ya kabati. Anajua ndani kuna ndege. Kila jioni anavuta kiti, anaugusa, anaona lile fundo la ndama, anakuja kunisumbua tuufungue tuiunge pamoja.

"Wiki ijayo," namwambia.

"Kila siku unasema wiki ijayo!"

Ndiyo. Enzi zetu hilo lilikuwa jibu, na mtoto alivaa kofia yake akarudi nyumbani.