Kosa Alilolitunza Adelaïde

Mikono ya Adelaïde ilikuwa mikono ya jembe. Katika vilima vya Masisi mtu hulima akiutazama mlima. Husimama upande wa chini wa mteremko, hulishusha jembe mbele ya miguu yake, kisha huvuta udongo kuelekea tumboni ili mvua isiuchukue bondeni. Adelaïde alifundishwa hivyo na mama yake kabla hajafundishwa kusoma, na sasa, akiwa amevuka miaka arobaini, hakuwa tena na haja ya kufikiri. Mikono ilijua yenyewe. Kwa hiyo siku mume wake Evode alipompa fimbo ya gofu na kumwambia apige kokwa ya avoka iliyokaa juu ya majani, alilima.

Udongo uliruka mpaka kwenye kitambaa chake cha kichwa. Kokwa ilibaki palepale.

"Ile si kupiga," Evode alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ile njo kulima. Unataka kupanda nini pale, Mama Gentille? Viazi?"

Akacheka. Adelaïde naye akacheka, kisha akageuka upande kufuta macho, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyecheka katika nyumba ile tangu Evode aliporudishwa kutoka Walikale.

Gofu ilifika kwenye mlima huo pamoja na mzungu mwenye ng'ombe. Alichimba vishimo kwenye malisho yake, akasimamisha vijiti vyenye vitambaa, na Jumapili wageni wake walipanda kutoka Goma na mifuko ya fimbo. Evode, wakati huo kijana, aliwabebea mifuko. Alijifunza kwa kutazama, na wageni walipokwenda kunywa, alipiga. Shimo la mwisho lilikuwa ng'ambo ya korongo lenye kijito, na mipira ya mzungu karibu yote ilikufa majini. Ya Evode ilivuka. Siku moja Adelaïde alipanda na kikapu cha maharage ya kuuza jikoni kwa mzungu, akauona mpira mdogo mweupe ukitoka kwenye fimbo ya yule mbeba mifuko, ukapanda polepole kama ndege asiye na haraka, ukatua ng'ambo. Hakujua mchezo huo ni wa nini. Alijua tu kwamba hajapata kumwona mtu akifanya jambo kwa wepesi kiasi kile. Mwaka uliofuata walioana.

Kisha vita ya mwaka tisini na tatu ikapita humo. Mzungu akaondoka, ng'ombe wakaliwa, nyumba kubwa ikang'olewa mabati. Evode alibaki mlinzi wa shamba lisilokuwa na kitu cha kulindwa, na alichobaki nacho ni fimbo moja ya chuma na mpira mmoja. Vita nyingine zikaja, zikaenda, zikarudi na majina mengine. Binti yao Gentille aliolewa Goma. Maharage yalipandwa na wao yakavunwa na wengine, na mwisho Evode akafanya kama wanaume wengi walivyofanya: akaenda Bisie, huko Walikale, kuchimba mawe ya madini, akisema atarudi kabla ya Noeli.

Alirudi kabla ya Noeli. Wanaume walimleta juu ya machela ya mianzi, ile inayoitwa kipoyi, wakipokezana msituni. Watu wenye bunduki walikuwa wamewavizia njiani, na risasi iliingia mgongoni mwake ikakaa humo. Miguu yake haikusikia tena kitu. Muuguzi wa kituo cha afya aliangalia vidonda, akaangalia mkojo wake, akamshika Adelaïde mkono nje ya mlango. "Mutunze tu, mama," alisema. Adelaïde alikuwa amezika watu wa kutosha kuelewa maana ya neno hilo likisemwa peke yake.

Evode alilala akiutazama ukuta. Ugali ulipoa mbele yake, uji ukaondolewa bila kuguswa, na wenzake wa kanisani walipokuja kusali aliwaitikia kwa macho. Kisha asubuhi moja isiyokuwa na mvua aliomba kutolewa nje, awekwe kwenye kiti kando ya nyumba, mahali unapoliona korongo. Akaomba fimbo. Akaishika muda mrefu magotini.

"Nataka kuona mpira unavuka," alisema. "Mara moja tena. Mikono yangu haina mugongo wa kuibeba. Mikono iko yako."

Mpira wa kweli aliuweka mfukoni mwa koti. Ulikuwa mmoja, na hautapigwa mpaka mkono uwe sawa. Adelaïde ajifunze kwanza kwa kokwa za avoka. Siku ile, baada ya udongo na kicheko, Evode alikula bakuli zima la maharage, akalamba kijiko, akasema, "Kesho tutajaribu tena." Adelaïde alisimama na bakuli tupu mkononi, akajua ni nini kilichomlisha.

Wakaanza hivyo masomo yao. Wakati wa somo Evode hakumwita Mama Gentille. Alimwita Adelaïde, kama mwalimu amwitavyo mwanafunzi, naye aliona haya kidogo kulisikia jina lake. Alimfundisha kushika fimbo kama anayeshika kifaranga. Alimfunga kitenge kifuani kikabana makwapa, ili mikono isiende kuvuta tumboni. Alimwambia aigeuze fimbo, ashike upande wa kichwa, aipepeze hewani na kusikiliza.

"Iko wapi sauti?"

"Huku juu, kwa bega."

"Nguvu yako inaishia juu, basi. Hivyo njo jembe. Sauti itoke mbele, ikiisha kupita kokwa. Hapa chini inyamaze, kule mbele ipige muluzi."

Alijaribu. Fimbo ilikoroma begani. Alijaribu tena, kwa wiki, kwa mwezi. Kulikuwa na siku ambapo kosa liliondoka, kokwa ikaruka hatua chache, Evode akapiga kofi kwenye mkono wa kiti. Kesho yake alikwenda shambani kulima tangu alfajiri, na jioni jembe lilikuwa limerudi mikononi kama mgeni anayejua kitanda chake kilipo. Nyasi mbele ya nyumba zilikwisha. Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo aliyepita na lori lake kununua maharage, alisimama akatazama viraka vya udongo.

"Ehh, Mama Gentille! Uko nalima mpaka nyasi ya ng'ombe?"

"Uliza mwalimu wangu."

"Mwalimu, mwanafunzi wako atafaulu mwaka gani?"

"Mwaka ule wewe utaacha kupima maharage kwa debe lenye tumbo," Evode akajibu, na Mbusa akacheka mpaka akashika mlango wa lori lake.

Maharage yalipotoa maua, Adelaïde alikuwa shambani peke yake, upande wa nyuma wa nyumba, Evode akiwa bado amelala. Alikuwa amechukua fimbo. Hakuwa na kokwa hata moja. Alichofanya ni kuipepeza tu, akiwa amechoka, bila kufikiri, akitazama ua moja la maharage. Bega likanyamaza. Chini pakanyamaza. Mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu, hewa ikapiga mluzi.

Alisimama akiogopa kusogea. Akarudia. Mluzi tena. Akatafuta avoka iliyooza chini ya mti, akatoa kokwa, akapiga, na kokwa ikapasuka vipande viwili angani vikaenda kila kimoja njia yake. Alikimbia nyumbani, kitenge kimemfunguka, akaingia na jambo lake mdomoni.

Evode alikuwa macho. Usiku ulikuwa mbaya. Midomo yake ilikuwa mikavu na shuka ilikuwa na damu. Alimtazama akatabasamu.

"Nilikuwa nafikiri," alisema. "Siku ile mpira utavuka, mimi nitapumzika. Nimechoka, Mama Gentille. Nangojea ile tu."

Adelaïde alifunga mdomo wake. Akaenda kuchemsha maji.

Jioni hiyo, mbele ya kiti, alilima. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, maana mikono sasa ilitaka kwenda mbele yenyewe. Alilazimika kufikiria mtaro, kufikiria mvua, kumfikiria mama yake akimgombeza, ndipo chuma kikazama nyuma ya kokwa. Udongo uliruka. Evode alitikisa kichwa. "Kesho tutajaribu tena," alisema, akaomba chakula.

Basi akalitunza kosa lake. Kila asubuhi, nyuma ya nyumba, alipepeza fimbo mara chache, si kwa kujifunza, bali kwa kuwa kulikuwa na furaha ndani ya mluzi ule na hakuwa na furaha nyingine. Kila jioni aliharibu. Evode alimkemea, alimbembeleza, alibuni mafunzo mapya usiku akampa mchana. Alikonda hata mifupa ya mashavu ikaonekana, lakini alikula. Maua yakaanguka, maganda yakajaa. Muuguzi alipopita alishangaa kumkuta hai. Adelaïde alijiambia kwamba mtu mwenye kazi ya kesho hana ruhusa ya kwenda, na kwamba Mungu, ambaye alikuwa amelala muda mrefu juu ya Masisi, huenda asigundue.

Mwisho wa mwaka ule wa elfu mbili na saba milio ya silaha kubwa ilianza nyuma ya vilima, na kila siku ilikuwa na kilima kimoja pungufu cha kuvuka. Watu walishuka barabarani na magodoro kichwani kuelekea Sake. Mbusa alipanda mlimani na lori tupu, bila kuzima injini.

"Mama Gentille, leo njo mwisho. Sitarudi huku tena. Tumubebe Papa Evode, tumupeleke Kirotshe, kwa hospitali."

Walimtoa wakamweka kwenye kiti ili wapange godoro ndani ya lori. Evode alilitazama korongo. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa mpira.

"Papa Evode!" Mbusa akapaza sauti. "Watu wanakimbia kufa, na wewe unataka muchezo?"

"Wewe ngoja. Adelaïde, kuja."

Alikuja. Alipokea mpira, ulikuwa na joto la mwili wake. Aliuweka juu ya kiraka kidogo cha majani kilichobaki, akasimama, akaanza kutafuta mtaro kichwani, mvua, sauti ya mama yake.

"Adelaïde," Evode alisema, kwa sauti ya chini, ili Mbusa asisikie. "Leo usilime."

Alibaki ameinama. "Sijui ingine, Papa."

"Unajua. Nyumba yetu iko ya mianzi. Kila asubuhi nasikia muluzi nyuma ya ukuta. Kosa lako la zamani nililijua kama uso wako. Hili la sasa ulilitengeneza."

"Tangu lini ulisikia?"

"Tangu maharage ilikuwa na maua."

Hapo tu ndipo alipoelewa kwamba wote wawili walikuwa wakitunza. Mwalimu alikuwa amefundisha somo ambalo mwanafunzi alikwishalijua, jioni baada ya jioni, na alikula chakula asichokitaka, ili naye mwanafunzi apate kesho yake. Adelaïde alitaka kuiacha fimbo ianguke. Mlio mkubwa ukapasuka nyuma ya kilima cha karibu, na Mbusa akapiga honi.

"Nimechoka sasa," Evode alisema. "Nipe ile nangojea."

Adelaïde akapiga. Bega lilinyamaza, chini pakanyamaza. Mpira ulipanda juu ya korongo, mdogo, mweupe, ukakaa huko juu muda ambao Adelaïde hakuweza kuupima, kisha ukatua ng'ambo, ukaruka mara moja kwenye majani marefu, ukatulia mahali ambapo tangu wiki ile hakuna mtu angethubutu kwenda kuuokota.

Mbusa alikuwa ameacha honi. Evode alitazama ng'ambo, mdomo wazi kidogo.

"Umeinua kisigino haraka," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Hakusema neno jingine juu ya somo.

Njia nzima ya kushuka Adelaïde alikishika kichwa cha Evode lori lisikigonge. Alingojea aseme lile neno, kesho. Walipita Sake penye msongamano wa watu na mbuzi, wakaifuata barabara ya ziwa. Kirotshe walimpa kitanda, walimtundikia maji, mtawa mmoja akamletea uji. Evode aliusukuma kwa upole, kama mtu anavyomsogeza mtoto aliyesimama njiani. Asubuhi ya pili, ziwa likiwa jeupe dirishani, alikufa.

Mbusa alisimamia jeneza, akaja na mkewe kuzika. Baada ya kaburi kufunikwa alikaa karibu na Adelaïde kwenye nyasi, akasema alichokuwa nacho.

"Lakini mama, ule mupira uliruka. Miye niliona. Kweli uliruka."

"Afadhali ningelima," Adelaïde alisema.

"Angejua. Mwalimu anajua mwanafunzi wake."

"Acha ajue. Angenikasirikia." Alikuwa akizitazama kucha zake, zilizojaa udongo wa kaburi. "Angenikasirikia mpaka Kirotshe, usiku muzima. Ule uji angeukula kwa hasira tu."

Mke wa Mbusa alikuja na beseni la maji ya kunawa, akamwekea mbele, na Adelaïde aliitia mikono yake majini, akaiacha humo bila kuisugua, mpaka mama yule alipopiga magoti akaanza kumnawisha.