Kilio cha Mpira

Mimi ni mtu wa maneno mengi, wala sioni haya. Ndiyo maana siku ile watoto waliponifanya mjane, kisha wakaniambia nikae chini ninyamaze, niliona wananionea.

Ilikuwa katika uwanja wa parokia, hapa Kamina. Maji ya Lualaba yalikuwa yamefunika vijiji vya upande wa Mulongo, na familia zilizokimbia zililala katika madarasa yetu. Sisi akina mama wa parokia tulifundishwa kwamba mtoto aliyeona mabaya huponea katika mchezo. Haya, tukapewa kamba, ngoma ndogo na mpira mpya unaonukia duka. Aliyenisumbua moyo ni msichana mmoja mdogo ambaye tangu mafuriko hakutamka neno. Alikaa ameegemea ukuta karibu na bibi yake, akitazama miguu yake tu. Bibi aliniambia, "Mama, minyi niko muzee. Kama huyu hasemi tena, nitabakia na nani?"

Basi nikajitia wazimu. Nikaruka kamba na mwili wangu huu. Nikaimba, nikaanguka. Wote walicheka isipokuwa yeye.

Wale wengine nao, ukiwapa mgongo tu, walikuwa na mchezo wao mmoja: kilio. Walichukua mpira, wakauviringisha ndani ya kitenge changu, wakauchimbia kaburi. Niliwafokea kwamba mpira ni wa kupigwa teke, hauzikwi. Mkubwa wao akanijibu kwa adabu zote, "Mama, huyu amekwisha kufa. Weye njo mujane. Ikala chini."

Nikakaa kwenye mkeka waliokuwa wametandika kando ya kaburi, maana magoti yalikuwa yamechoka na kamba. Wasichana wakaanza kulia, na jamani, watoto wale walijua kulia. Waliojifanya wakwe wakagombania kuku ambaye hayupo. Kila nikitaka kusema, naambiwa, "Mujane hasemi."

Kumbe ukuta wa parokia ni mfupi, na nje ndiyo njia ya sokoni. Hapa kwetu ukisikia kilio huulizi kwanza nani amekufa. Unaingia, unalia, halafu ndipo unauliza. Mama mmoja akaingia na beseni la unga wa muhogo kichwani, akalitua, akajitupa kando yangu: "Pole, mama, pole sana." Mwingine akafuata na kuni. Mwendesha pikipiki akazima injini, akavua kofia. Punde uwanja ukajaa, nami katikati, mjane wa mpira, huku mume wangu mzima kabisa yuko nyumbani anangoja bukari, ugali wetu. Nilipofungua mdomo nieleze, wakanituliza kwa upole na kuambiana kwamba uchungu umenizidi.

"Na mujukuu iko wapi?" akauliza mama wa unga.

Kwetu kilio bila mjukuu hakijakamilika. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuvaa kama yeye na kutembea kama yeye, ili wafiwa wacheke kidogo. Watoto wakatazamana. Kazi hiyo hawakuwa wameigawa, na nani anajua mpira unatembeaje?

Yule msichana akasimama pale ukutani. Akamwendea mwendesha pikipiki, akamtoa kofia mkononi, akaivaa ikamfika puani. Akaokota ukuni mmoja uwe fimbo, akainamisha mgongo, akaburuta mguu mmoja, akakohoa kizee, akaja mpaka mbele ya bibi yake.

"Weye mwanamuke," akasema kwa sauti nzito, "hii samaki iko na chumvi mingi. Uliweka yote, ao ulibakishia majirani?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aligeuka akaanza kuwakagua akina mama, mmoja mmoja, na kumwinua mama wa kuni kwa fimbo: "Nani ameikalia wavu yangu?"

Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa." Kisha akatueleza. Mume wake alifia ndani ya mtumbwi wakikimbia maji. Walimzika mbiombio kwenye kipande cha nchi kavu, bila mkeka, bila hata wimbo mmoja, kwa sababu wengine walikuwa wanangoja kuondoka.

Kicheko kikaisha. Hakuna aliyeuliza tena habari za mpira. Mama wa kuni akaanza kupanga mafiga, na mama wa unga akaomba sufuria kubwa ya parokia.

Bibi akaja mkekani kwangu, akajifuta macho kwa kitenge.

"Ondoka hapo, mama," akasema. "Mujane njo minyi."

Nikampisha, nikaenda kusonga bukari.