Dada Alipolinda Goli Barafuni

Wiki iliyopita, katika duka moja la Overport, nilifungua friza kutafuta samaki. Ule moshi wa baridi ukanipiga usoni, nikacheka peke yangu. Wewe uliyekulia Durban unajua kwamba baridi ya kweli hapa hatuna. Baridi ya utoto wangu ilikaa ndani ya jengo moja tu, ukumbi wa barafu. Mama alisafisha sakafu pale kila Jumamosi, na ndipo dada yangu alipokuja kuwa golikipa bingwa wa mpira wa magongo wa barafuni.

Tuliishi Greyville, ghorofa ya tatu: mama, bibi, dada na mimi. Jumamosi mama alitubeba kazini, maana bibi alisema tukibaki tutamvunjia vyombo. Tulikaa kwenye benchi tukila mikate yake, yale maandazi ya mviringo ya kwetu Kongo, tukisikiliza viatu vya visu vikikwaruza barafu. Siku moja golikipa wa timu ya wasichana hakuja. Kocha akamuuliza dada, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, kama anaweza kuziba pengo. Dada akajibu kwamba kuteleza hajui, ila kusimama golini anajua.

Alianguka hadi nikaona haya kwa niaba yake. Lakini kile kisahani cheusi kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, kigumu kama jiwe, hakikumpita ovyo. Miaka mingi alikuwa amedaka mipira yangu kwenye korido ya ghorofa yetu, mchezo ambao majirani waliuchukia.

Bibi alipoona michubuko ya mapajani aliwaka. Mtoto wa kike kupigwa hivyo, kwa kosa gani? Asubuhi yake tukamkuta amekata kona ya godoro lake, anamshonea dada vikinga.

Miaka minne baadaye timu ikafika nusu fainali ya nchi nzima, na mashindano yalikuwa hapa hapa Durban. Tulishinda sita kwa tano. Hayo matano yote dada aliyaona ni aibu yake. Akarudi nyumbani, akasema kwenye fainali ya kesho wamtafute mwingine. Mama alimbembeleza, wapi. Bibi alikuwa anakanda unga, wala hakugeuka.

"Mwenye kulinda mulango haulizake wageni iko wangapi," alisema. "Anaangaliaka ule mwenye iko mbele yake. Kesho nitakuja."

Bibi hakuwahi kukanyaga ukumbini. Alikuja amevaa makoti mawili na blanketi juu yake, ndoo ya mikate mkononi, nusu ya jengo letu ikimfuata nyuma.

Ilikuwa mbili kwa mbili, ikaja penalti. Tulikuwa mbele kwa moja, na mpigaji wa mwisho kwao alikuwa msichana mrefu wa Johannesburg. Wote walijua dada hutoka golini mbio kumkabili mpigaji. Safari hii alibaki palepale, akimtazama. Yule msichana akasita kidogo, kisha akapiga. Dada akanyoosha mguu. Tok! Bibi akatuuliza kama tumeshinda au tumeshindwa, na mama, huku akilia, akamkumbatia na kumwambia tumeshinda.

Jioni tulikula bunny chow barazani, kila mtu na nusu mkate wake uliotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage. Dada alidaka miaka tisa zaidi, timu ya taifa ikiwemo.

Siku hizi ni nesi. Bibi ametangulia, majirani wale wametawanyika, wengine Cape Town, wengine Kanada. Ukumbi ulifungwa, sasa ni ghala la matairi. Mwaka jana tulimwomba mlinzi atuingize. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mpira. Dada akapita kati ya matairi mpaka mwisho, akasimama, akapinda magoti kidogo.

Mlinzi akamuuliza kama kuna kitu amepoteza.

"Hapana, baba," dada akamwambia, akitabasamu. "Nilikuwa nafanya kazi hapa."